Presha kwenye pati fupi: anayeanza na fundi hawaugui ugonjwa mmoja

Mimi nafundisha gofu, na swali ninaloulizwa sana ni hili: kocha, mbona mazoezini pati, yaani mpigo mfupi wa kusukuma mpira shimoni, ya mita moja naingiza tu, ila siku ya mashindano mkono unakuwa mgumu? Jibu linategemea anayeuliza ana handikapu gani (namba ya kupimia kiwango cha mchezaji, ikiwa ndogo ndo fundi), na kuna makocha wanaharibu watu kwa kuwapa wote dawa moja.

Anayeanza bado anafikiria kila kitu, mshiko, mabega, kasi ya grini (nyasi fupi zenye shimo), kwa hiyo presha ikija inamchukulia nafasi yote kichwani, anawaza watu wanaomtazama na hela waliyowekeana, basi mabega yanasahaulika. Huyu ukimwambia tulia, angalia mabega yako, umemsaidia kweli.

Fundi ni kinyume kabisa. Mikono yake ilishazoea, ila presha inamfanya aanze kuisimamia tena hatua kwa hatua, na hapo ndo inaharibika. Mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake kule Marekani walionyesha hili mwaka 2002: waliwapigisha wazoefu pati huku wakifuatilia swingi yao na kusema "stop" fimbo inapoishia, halafu wakawapigisha tena huku wanasikiliza milio ya kwenye tepu. Wazoefu walipiga vizuri zaidi masikio yakiwa kwenye milio. Wanaoanza waliwapima kwenye kukokota mpira wa miguu, nao walifanya vizuri zaidi wakijichunga. Mimi utafiti huu ndo umenibadilishia ufundishaji wote.

Mtazameni Doug Sanders, The Open (ubingwa wa gofu wa Uingereza) ya 1970 pale St Andrews, shimo la 18, pati haifiki hata mita moja na ikiingia ni bingwa. Ameshasimama kwenye mpira, akainama kuondoa kitu kidogo kwenye njia, miguu haikusogea, hakurudi nyuma aanze upya, akapiga, mpira ukapita kulia. Kesho yake kwenye marudiano Jack Nicklaus akamshinda kwa mpigo mmoja. Rory McIlroy naye 2024 Pinehurst alikosa pati fupi shimo la 16 na la 18, Bryson DeChambeau akabeba US Open. Hao wote kupiga pati wanajua jamani.

Kwa hiyo mwenye handikapu ndogo namwambia soma mstari, macho kwenye mpira sekunde mbili hivi, piga, na ukianza tu kuufikiria mkono ondoka hapo uanze upya. Kukaa sana juu ya mpira hakumsaidii.

Wa katikati, handikapu 18 hivi, ndo wananiumiza roho zaidi maana hawajui wako upande gani. Jipime hivi: piga pati kumi za mita moja na nusu kama kawaida, kisha kumi nyingine huku unahesabu kwa sauti kutoka mia kushuka saba saba. Rudia siku kadhaa. Zikiingia nyingi zaidi ukiwa unahesabu, acha kujichunga, zikipungua endelea kwanza na mabega.