Wafilisti walitoka wapi?

Akitajwa Mfilisti, wengi hukumbuka Goliathi na jiwe la Daudi. Asili ya watu hao haisemwi sana mimbarini, ingawa Biblia yenyewe inayo: kwa Amosi 9:7, Mungu aliwatoa Kaftori, na Yeremia 47:4 inawaita mabaki ya kisiwa hicho. Wataalamu wengi wanaona Kaftori ndiyo Krete.

Misri nako wameachwa ukutani. Katika hekalu la Medinet Habu, ng'ambo ya mto kutoka Luxor, Farao Ramses wa Tatu alichongesha vita alivyopigana yapata mwaka 1175 KK na makundi yaliyovamia kwa bahari na nchi kavu. Mojawapo linaitwa Peleset, nao ndio Wafilisti. Merikebu zimechongwa vichwa vya ndege tezi na omo, na wapiganaji wamevaa kofia zilizosimama wima kama manyoya. Ila mimi huwaonyesha wageni kwanza picha ya vita vya nchi kavu, penye mikokoteni ya ng'ombe iliyobeba wanawake na watoto. Mharamia hatoki na familia yake. Hawa walikuwa wanahama.

Walikokita ni pwani ya kusini ya Kanaani, kwenye miji mitano: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Humo wachimbaji wamekuta vyungu vyenye nakshi za ndege na mizunguko kwa mtindo wa Ugiriki, lakini vimefinyangwa kwa udongo wa hapohapo. Katika majaa mna mifupa ya nguruwe kwa wingi. Basi ubishi ukabaki: je, walihama watu, au ziliigwa desturi tu?

Jibu lilipatikana mwaka 2019, vinasaba vya watu 10 wa Ashkeloni vilipochapishwa matokeo yake. Baadhi walikuwa watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba katika karne ya 12 KK, na damu yao ilikuwa na mchango wa kusini mwa Ulaya. Kipimo hicho hakitaji Krete peke yake, kwa hiyo asikuuzie mtu hilo. Cha kushangaza zaidi ni makaburi yaliyofuata karne mbili hivi baadaye, ambamo mchango huo hauonekani tena. Walioa na kuolewa na wenyeji mpaka wakawa wenyeji. Hata maandishi ya mfalme Akishi wa Ekroni, yaliyofukuliwa mwaka 1996, ni ya lugha iliyo jamaa ya Kifoinike na Kiebrania.

Jina lao ndilo lililozaa Palestina, lakini mahubiri yanayomgeuza Mpalestina wa leo kuwa mjukuu wa Goliathi hayana msingi wowote.

Mwaka 604 KK Nebukadreza aliiteketeza Ashkeloni na kuhamisha watu wake. Vibao vya posho vya Babeli, vilevile vinavyomtaja Yekonia mfalme wa Yuda, vinaorodhesha wana wa mfalme wa Ashkeloni pamoja na mabaharia wa mji huo.