Mafuta ya Mbeya hayana kosa: dhana potofu za wapenda magari wa Nyanda za Juu Kusini

"Mafuta ya huku mabovu, ndiyo maana gari halivuti."

Kauli hii utaisikia gereji yoyote ya Mwanjelwa, na ndiyo inayowamaliza watu hela kuliko zote. Gari limetoka Dar likiwa zima, limepanda mlima wa Kitonga, limefika Uyole na sasa linavuta kivivu. Lawama zote zinaangukia sheli, wakati kilichopungua ni hewa.

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapo ni takriban kilopaskali 83. Pwani ni 101. Injini isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hunywa hewa kwa ujazo: silinda inajaa kama kawaida, ila hewa iliyojaa ni nyepesi kwa asilimia 17 au 18. Kompyuta ya injini inaliona hilo na kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae sawa. Kwa hiyo injini ya 1G-FE ya Toyota Mark II GX110 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 160, Mbeya inabaki na kama 132. Hakuna plagi, nozeli mpya wala dawa ya kumimina kwenye tangi itakayozirudisha zile 28.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwa gari lenye sensa ya MAP, yaani ya presha ya hewa inayoingia kwenye injini, chomeka kifaa cha kusomea kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, washa swichi bila kuwasha injini, usome. Mbeya inatakiwa ionyeshe 82 hadi 84. Ikionyesha 100, sensa inadanganya: kompyuta inaamini hewa ni nzito kama ya pwani na inamwaga petroli iliyozidi. Hapo kweli kuna ugonjwa, na ni wa sensa. Njia ya pili haihitaji kifaa. Jaza tangi Mbeya, teremka mpaka Kyela, ambako Ziwa Nyasa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Gari litachangamka kwa mafuta yaleyale yanayotukanwa.

Uchakachuaji upo, tusijidanganye. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 kwa sababu yalikuwa yanachanganywa kwenye dizeli na petroli. Lakini petroli yenye mafuta ya taa ina dalili zake: injini kugonga ikibebeshwa mzigo, kuwaka kwa shida asubuhi ya baridi, plagi kuvaa masizi. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka isiache kitu. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ukishuku maji, chota kwenye chupa angavu uiache itulie dakika 15, maji yatakaa chini na mstari utauona wazi.

"Oktani kubwa ndiyo nguvu."

Namba ya oktani inapima uvumilivu wa petroli, yaani inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla ya kujilipukia yenyewe. Nguvu iliyomo ndani ya lita ni jambo lingine kabisa. Ukiiwekea oktani ya ziada injini isiyogonga, hutapata hata farasi mmoja. Na huku mlimani injini isiyo na turbo inahitaji oktani ndogo kuliko pwani, kwa kuwa silinda inabana hewa pungufu. Mwenye GX110 anayenunua kichupa cha kuongeza oktani anamwaga hela.

Wenye haki ya kuhangaika ni wachache. Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE na gia za mkono inabana hewa kwa 11.5 kwa 1, na injini ya 1JZ-GTE ina turbo. Zote mbili zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chao kinataka oktani isiyopungua 96. Ya kawaida ni 89. Soma maandishi ya ndani ya mfuniko wa tangi, au mwombe anayejua Kijapani akusomee. Ukishazijua, sikiliza: mlio wa changarawe ndani ya kopo unaposhindilia mafuta mlimani kwa gia kubwa na mizunguko midogo ndio kugonga kwenyewe. Pandisha Kitonga kwa O/D OFF (swichi ya kuzima gia ya juu kabisa ya automatiki), injini izunguke juu ya 3,000, isiburuzwe.

"Turbo haiusikii mlima."

Inausikia, ila kidogo. Westigeti (valvu za kuidhibiti turbo) za kawaida hupima busti, yaani presha ya ziada ya turbo, kwa kulinganisha na hewa ya nje. Busti ya bar 0.7 pwani inaipa injini jumla ya bar 1.7, Mbeya inaipa 1.53. Wengi hapo hukaza busti mpaka 0.87 ili warudi walipokuwa. Hesabu inaonekana nyepesi, lakini turbo iliyokuwa inabana hewa mara 1.7 sasa inaibana mara 2.05. Inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, na moto huo ndio unaoleta kugonga. Kwa 1JZ-GTE za turbo mbili, kabla ya ile ya VVT-i yenye turbo moja ya mwaka 1996, gurudumu la upande wa moshi ni la kauri, na kauri ikizidishiwa kasi na joto hupasuka. Anayetaka kuongeza busti aanze na intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) nzima isiyovuja, plagi baridi kwa daraja moja, yaani inayopoteza joto haraka zaidi, na mwanya wa plagi upunguzwe kutoka milimita 1.1 hadi 0.8 ili cheche isizimwe na presha. Busti iwe ya mwisho.

"Toa thamostati, gari halitachemsha tena."

Ushauri huu umeua hedi gasketi nyingi, na unatolewa kwa nia njema kabisa. Gari likichemsha mlimani, fundi anafungua, anatoa thamostati, anaitupa. Siku mbili linaonekana limepona.

Thamostati nyingi za Toyota zimegongwa 82: zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84 na kuwa wazi kabisa kwenye 95. Ikitolewa, injini ya Mbeya asubuhi ya Juni au Julai haifikii joto lake. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli nyingi, nayo inapenya kwenye ringi na kuiyeyusha oili. Ukichomoa dipstiki utaisikia harufu.

Kibaya zaidi ni hiki. Kwenye injini nyingi thamostati ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda rejeta, na ya chini, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto inazunguka injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare hutagundua. Kwenye mlima mrefu na mzigo, gari lililotolewa thamostati lisichemshe linachemsha kwa sababu hiyohiyo.

Mkosaji anayesahaulika ni mfuniko wa rejeta. Kwa kimo cha Mbeya maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94. Feni nyingi za umeme huanza kuzunguka hapohapo, kati ya 90 na 97. Kinachookoa ni mfuniko: ulioandikwa 0.9 unashikilia presha inayopandisha kiwango cha kuchemka hadi kama 115. Raba yake ikipasuka au springi ikilegea, maji yanachemka kabla feni haijaamka, yanarukia kwenye tanki la akiba na kumwagika, na mafundi wanaanza kuikagua hedi. Injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko na kuutazama kwa chini. Raba ngumu, yenye mpasuko au mfinyo usio sawa, badilisha kwa namba ileile. Ukifunga wa 1.1 kwenye rejeta kuukuu, presha itatafuta mahali dhaifu.

Kupima thamostati kwenye sufuria nako kuna mtego wa huku. Itundike kwa uzi isiguse chini, pasha maji taratibu, weka kipimajoto. Iangalie inapoanza kufunguka, kwenye 80 hadi 84. Usingoje iwe wazi kabisa, kwa kuwa sufuria ya Mbeya haifiki nyuzi 95 hata uchochee kuni namna gani. Thamostati nzima zimetupwa kwa kosa hilo. Unapoirudisha, kipini kidogo cha kupitishia hewa kikae juu. Na jaza kulanti, nusu kwa nusu na maji safi: Kitulo na Makete kunaganda, na maji matupu yanakula rejeta kwa kutu.

"Kikoni na egzosi wazi vinafungua injini."

Ya egzosi ni fupi. Kwa injini isiyo na turbo, kutoa masega (kisafisha moshi kilicho kwenye egzosi) kunaongeza sauti kuliko nguvu, na kwenye gari lenye sensa ya oksijeni nyuma ya masega unapata taa ya injini yenye namba P0420.

Kikoni, yaani chujio la hewa la wazi lenye umbo la koni, kinauma zaidi. Zawadi pekee ambayo mlima unaipa injini ni hewa ya baridi, na boksi la kiwandani linaivuta kutoka pembeni ya taa au nyuma ya bampa. Kikoni kilichowekwa wazi juu ya injini kinavuta hewa iliyopita kwenye rejeta. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa asilimia 12. Ukijumlisha na zile 17 za mlima, umejinyang'anya zaidi ya robo ya nguvu kwa hela yako. Anayekipenda akijengee boksi lililozibwa, lenye bomba linalofika mbele.

"Kushuka Kitonga na nyutro kunaokoa mafuta."

Injini ya EFI (ambayo nozeli zake zinaongozwa na kompyuta) ikiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedeli, nozeli hufungwa kabisa mpaka mizunguko ishuke kwenye 1,500 au pungufu. Ikiwa nyutro lazima ichome petroli ili isizimike. Kwa hiyo gia ndiyo inayookoa mafuta, na ndiyo inayookoa breki. Mafuta ya breki ya DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yaliyonyonya unyevu 140. Yakichemka, pedeli inazama sakafuni. Automatiki iwekwe 2 au L kabla ya kona ya kwanza, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2.

"Drifti inataka farasi 300 na difu ya kuchomelea."

Drifti, yaani kulitelezesha gari kwenye kona kwa makusudi, ni kuhamisha uzito na kuvunja mshiko wa tairi za nyuma. Si njia ya kwenda haraka: kwenye lami tairi linashika vizuri zaidi likiteleza nyuzi chache tu, na likizidi hapo linageuza mwendo kuwa moshi. Ndiyo maana mashindano ya drifti ya D1 Grand Prix ya Japani yanatoa alama kwa pembe, mstari na namna ya kuingia kona. GX110 yenye farasi zake 132 za Mbeya inateleza bila shida kwenye uwanja uliolowa, kwa gia ya pili. Uwanja uliofungwa, wenye ruhusa ya mwenyewe. Barabara ya Tukuyu ina watembea kwa miguu na malori ya ndizi.

Kabla ya kuchomelea difu, gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, jua ulicho nacho. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka nyutro, zungusha moja kwa mkono. Lingine likizunguka kinyume, mara nyingi difu ni ya kawaida. Yakienda pamoja, tayari una LSD (difu inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake) au difu iliyokwisha kuchomelewa, na huna haja ya kuchomelea chochote. Difu iliyochomelewa inazilazimisha tairi mbili kuzunguka sawa hata kwenye kona ambayo ya nje ina njia ndefu zaidi: tairi zinalika, ekseli zinapinda mpaka zinakatika, na kwenye mvua ya Rungwe pua ya gari inasukumwa moja kwa moja nje ya kona hata ukikata usukani wote.

Kinachosahaulika ni hendibreki. Kwenye Mark II nyingi ni viatu vidogo ndani ya diski ya nyuma, na vikilegea nyaya za kuvutwa hazisaidii. Toa tairi, zungusha nyota ya kurekebishia kupitia tundu la diski mpaka diski isizunguke, kisha irudishe meno 8. Fanya pande zote mbili kwa hesabu ileile, maana upande mmoja ukikaza zaidi gari litageukia huko kila ukivuta.