Ni lini jaji anatakiwa ajitoe kwenye kesi?

Wanaofika kwetu kutaka msaada wa kisheria, Chake Chake kisiwani Pemba zaidi kuliko Mjini Unguja, hawaishi kulalamika kuwa jaji "ni wa kwao". Mdai ni mtu wa Micheweni, jaji naye asili yake Micheweni, basi mdaiwa wa Mkoani anajiona keshashindwa: kesi ya nyani kapewa ngedere.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, inayopokea rufaa nyingi kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, imetaja sababu tatu za kumkataa jaji: uhasama kati yake na mwenye kesi, ukaribu wake na upande mmoja, au yeye au jamaa yake wa karibu kuwa na maslahi katika matokeo. Anayedai hayo alete ushahidi. Mahali alipozaliwa jaji hapamo.

Suala hili limewahi kupimwa kwa ukali zaidi huko Marekani, katika jambo ambalo kwetu ni zito na sheria yetu ya adhabu inalikataza. Agosti 2010 Jaji Vaughn Walker wa San Francisco alibatilisha marufuku ya ndoa za jinsia moja ambayo wapiga kura wa California waliipitisha mwaka 2008. Alistaafu mwanzoni mwa 2011, kisha akasema hadharani kuwa kwa muda mrefu ana mwenzi wa kiume. Watetezi wa marufuku wakaomba hukumu ifutwe, kwa kuwa na yeye angeweza kuoa kwa hukumu yake mwenyewe.

Juni 2011 Jaji James Ware alikataa. Jaji kuwa mmoja wa watu wa kundi linaloguswa na kesi, alisema, hakutoshi kumwondoa. Nami naongeza: watetezi hao walidai ndoa hizo zinadhuru ndoa za watu wote. Kwa hesabu hiyo hata jaji mwenye mke angekuwa na maslahi, na sijui angebaki nani.

Hoja hiyo haikuwa ngeni huko Marekani. Mwaka 1974 Jaji Leon Higginbotham, mtu mweusi, alitakiwa aiache kesi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata Jaji Constance Baker Motley akatakiwa aiache kesi ya mawakili wanawake waliolalamikia kubaguliwa kazini, kwa kuwa naye ni mwanamke. Wote wawili walikataa. Motley alikumbusha kuwa hakuna jaji asiye na jinsia wala rangi.

Afrika Kusini inaonyesha mpaka ulipo. Edwin Cameron, ambaye hakuficha kuwa anapenda wanaume wenzake, alikaa Mahakama ya Katiba kuanzia 2009 hadi 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2004, akiwa Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo, ndiye aliyeandika hukumu ya walio wengi katika kesi ya wanawake wawili waliotaka ndoa yao itambuliwe. Jaji Kathleen Satchwell yeye alidai mwenzi wake wa kike apate mafao wanayopata wake na waume wa majaji. Hilo lilikuwa jambo lake binafsi, basi alikwenda mahakamani kama mlalamikaji na wengine wakaamua. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilimpa haki.

Na maslahi ya kweli yakoje? Mwaka 1998, London, majaji wa Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, walitoa uamuzi juu ya kukamatwa kwa Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile, kisha uamuzi huo ukafutwa. Mmoja wao, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya hisani ya Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, na shirika hilo lilikuwa limeingia kwenye kesi ile ile. Hakuna aliyehitaji kuuliza kwao wapi.

Kwa hiyo ukiwa Unguja au Chake Chake na una sababu ya kweli, iseme mapema, mbele ya jaji mwenyewe, pamoja na ushahidi wako. Yeye ndiye atakayeamua kwanza. Akikataa, hoja yako iandikwe kwenye mwenendo wa kesi, maana utaihitaji kwenye rufaa. Ukingoja mpaka ushindwe ndipo useme, utaulizwa ulikuwa wapi.