Neno Geni Katikati ya Sentensi: Dhana Potofu Kuhusu Kukisia Maana kwa Muktadha

"Andazi mia mbili. Ukinipa jero nakurudishia mia tatu." Mgeni aliyeshuka jana stendi ya Magufuli hajui jero ni nini, lakini muuza maandazi akimaliza sentensi yake mgeni anajua: ni shilingi 500. Hesabu imemfanyia kazi. Hapo muktadha uko katika hali yake nzuri kuliko zote, na ni mifano ya aina hii inayowafanya watu waamini kwamba kila sentensi itawahudumia hivyo hivyo.

Dhana: Soma maneno yanayolizunguka neno geni, maana itajitokeza yenyewe

Mara nyingine itajitokeza. Mara nyingi haijitokezi, na kuna nyakati maneno ya jirani yanakupeleka kusiko. Mwaka 1983 watafiti watatu wa Marekani, Isabel Beck, Margaret McKeown na Ellen McCaslin, waliyagawa mazingira ya neno katika makundi manne: yale yanayoelekeza kwenye maana, yale yanayotoa fununu ya jumla tu, yale yasiyosema kitu, na yale yanayopotosha. Walikuwa wakichunguza vitabu vya Kiingereza, lakini mgawanyo wao unakaa vizuri kabisa kwenye Kiswahili.

Hilo la kupotosha ndilo watu wanalosahau. Soma hii:

Mama mkwe alisubiri tangu asubuhi. Chakula kikapoa, simu haikupokelewa. Asha alipobisha hodi saa kumi jioni, mama mkwe alimpokea kwa bashasha.

Asiyelijua neno bashasha atasema ni hasira, na atasema kwa uhakika, kwa kuwa kila kitu kabla yake kinaelekea huko. Bashasha ni uchangamfu, furaha inayoonekana usoni. Mwandishi alitaka kutushangaza kwa wema wa mama mkwe, na msomaji aliyekisia amekosa kiini cha kisa kizima bila kujua kwamba amekosa. Ndiyo maana kisio huandikwa kwa penseli, na alama ya kuuliza kando yake. Ukisoma aya inayofuata na kumkuta mama mkwe anacheka na kumpakulia Asha wali wa nazi, alama hiyo inakukumbusha kurudi nyuma. Bila alama, akili hulibandikia neno maana ya "hasira" na kuendelea nayo miaka.

Sasa tazama mazingira yanayoelekeza, tuyapitie polepole:

Mzee Kondo alinunua bilauri sita Kariakoo akarudi nazo Temeke. Moja ikamponyoka mjukuu wakati anakunywa, vigae vikatapakaa sakafuni.

Sentensi ya kwanza pekee haina msaada mkubwa. Kariakoo hununuliwa kila kitu. Hata hivyo kuna vitu viwili tayari. "Sita" inasema vitu hivi vinahesabika, si unga wala mafuta. "Nazo" inasema si viumbe, maana wangekuwa kuku ingekuwa "nao". Sentensi ya pili inaongeza kwamba kimoja kinashikwa mkononi, kinanywewa, na kikianguka kinavunjika vipande. Kisio: glasi. Lirudishe ndani ya sentensi zote mbili: "alinunua glasi sita", "moja ikamponyoka". Imekaa. Jaribu na "chupa" pia. Nayo inakaa, ingawa kwa shida kidogo, kwa sababu mtoto wa nyumbani hanywi sana kwenye chupa ya kioo. Kwa hiyo kisio letu ni zuri lakini halijafungwa. Bilauri ni glasi kweli, ila sentensi hizi mbili zingeweza kumwacha mtu na chupa, na asingekuwa mjinga.

Dhana: Ngeli ni za mtihani, hazina kazi katika kusoma

Hii ndiyo inayowaponza wasomaji wengi wa Kiswahili, na inasikitisha, kwa sababu upatanisho wa kisarufi ni dalili ambayo Kiingereza hakina kwa kiwango hiki. Vitabu vingi vya mbinu za kusoma vimeundwa juu ya Kiingereza, basi walimu wanafundisha mbinu za kule na kuiacha hii iliyo mlangoni.

Ndege ametua. Ndege imetua. Hakuna haja ya kujua kama tuko Bagamoyo porini au uwanja wa Julius Nyerere. Kiambishi kimekwisha sema. "Vifaru vitatu vilivuka daraja alfajiri" ni habari ya jeshi. "Vifaru watatu walivuka" ni habari ya mbuga ya wanyama. Paa limevuja, paa amekimbia. Ua limechanua, ua umefagiliwa. Chungu kimepasuka jikoni, lakini chungu wamejaa kwenye sukari, na dawa chungu ni jambo la tatu. Mbuzi aliyefungwa mtini ni a-, ile ya kukunia nazi ni i-.

Tahadhari moja. Angalia kitenzi, usiangalie kimilikishi. Watu husema "mbuzi zangu wamepotea", na "zangu" hapo ingeweza kukudanganya kwamba ni vifaa vya jikoni. "Wamepotea" ndiyo inayosema ukweli.

Kiambishi cha mtendwa nacho kina kazi. Neno azima hubeba pande zote mbili, kutoa na kupokea. "Juma aliazima baiskeli": ameichukua kwa mtu. "Juma aliniazima baiskeli": amenipa mimi niitumie. Tofauti yote iko kwenye -ni-, silabi moja ambayo msomaji wa haraka huiruka.

Ngeli ina kikomo chake pia. Mto unaofurika Msimbazi na mto wa kulalia vyote ni u-/i-. Hapo rudi kwa majirani: maji au kitanda.

Dhana: Ukilivunja neno ukapata mzizi, umemaliza

Kulivunja neno ni kazi nzuri. Jina la Kivukoni ni kivuko na -ni ya mahali, Gerezani ni gereza na -ni, Magogoni vivyo hivyo. Mkwezi ni yule anayekwea mnazi kuangua madafu. Mvua ikianza na jirani akapiga kelele "Anua nguo!", anayejua anika na kufahamu kwamba -ua hugeuza tendo (funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua) atakimbilia kamba bila kuuliza.

Lakini jaribu njia hiyo hiyo kwa Kariakoo. Hakuna koo humo. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu hakina "tabu" iliyotiwa ki-. Ni neno la Kiarabu lililokuja na ki yake, Kiswahili kikaikaribisha kwenye ngeli ya KI-VI. Chukua si kinyume cha "chuka". Tambua si kinyume cha tamba. Kiongozi ana ki- na si kitu kidogo wala kifaa.

Hata mzizi ukiwa sahihi, maana huweza kuwa imehama. Kibarua asili yake ni barua ndogo. Leo ni mtu wa kazi ya kutwa, au kazi yenyewe. Angua ni kushusha nazi, ni kuku kutotoa vifaranga, na mtu pia huangua kilio. Ndiyo sababu maswali ya ufahamu huuliza neno "kama lilivyotumika katika habari". Maneno hayo hayakuwekwa kama pambo. Katika majibu ya kuchagua, mara nyingi mtunzi huweka maana halisi ya neno ambayo siyo iliyotumika, na mwanafunzi aliyekariri maana moja huidaka hiyo.

Dhana: "Au" na "yaani" hazidanganyi

"Yaani" karibu haidanganyi. "Au" inadanganya. "Kichomi au nimonia" ni majina mawili ya ugonjwa mmoja. "Mpe kuku mashudu au pumba" ni vyakula viwili tofauti: mashudu ni masalia ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, pumba ni maganda ya nafaka. Njia ya kupima: weka "yaani" mahali pa "au" uone kama sentensi bado ni ya kweli. Kama hujui lolote juu ya mada, kipimo hiki hakikusaidii, na hapo kubali kwamba hujui.

Kwa upande wa kinyume, "lakini", "bali", "ilhali" na "badala ya" ni dalili imara zaidi. Ukiona "si mchoyo bali ni karimu", nusu ya kazi imefanyika.

Dhana: Mtoto asome tu kwa wingi, maneno yataingia

Yataingia, ila kwa kudonoa. Mwaka 1999 watafiti Swanborn na de Glopper walijumlisha majaribio 20 ya wasomaji wanaosoma kawaida bila kufundishwa maneno, wakapata kwamba katika maneno mageni 100 yaliyokutwa, yaliyoshikwa kwa kiasi fulani ni kama 15. Kwa anayesoma kila siku hiyo ni faida kubwa mwisho wa mwaka. Kwa mwenye mtihani wiki ijayo si kitu.

Na kuna sharti: maneno ya jirani lazima uyajue. Tafiti za wasomaji wa Kiingereza kama lugha ya pili hutaja kiwango cha chini cha maneno 95 yanayojulikana katika kila 100, na kwa kusoma bila kusuasua, 98. Sasa mfikirie mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akaingia Kidato cha Kwanza, akafunguliwa kitabu cha Biolojia cha Kiingereza. Kumwambia "kisia kwa muktadha" wakati muktadha wenyewe ni mageni matupu ni kama kumwambia aulize njia kwa watu ambao nao wamepotea.

Kipimo ni rahisi. Hesabu maneno 100 mfululizo kwenye ukurasa wowote, kunja kidole kwa kila neno geni. Kidole kimoja au viwili: aendelee mwenyewe. Vitatu hadi vitano: akisie, halafu ahakikishe. Mkono umejaa na bado yapo: mwalimu amfundishe kwanza yale maneno matano au sita yanayobeba mada, au achague kitabu chepesi.

Dhana: Kufungua kamusi ni kukiri kwamba umeshindwa, hasa kwa lugha yako mwenyewe

Kuna mahali ambapo kukisia hakufai kabisa, hata ukiwa hodari. Mkataba wa chumba ni mahali pa kwanza. "Mpangishaji atamrejeshea mpangaji kodi ya miezi iliyobaki": geuza majina hayo mawili na pesa zinabadili mfuko. Mpangaji ndiye anayekaa na kulipa, mpangishaji ndiye mwenye nyumba. Jozi nyingine za namna hii ni mdai na mdaiwa, mwajiri na mwajiriwa, mkopaji na mkopeshaji. Ukiona -w- kabla ya irabu ya mwisho, huyo ametendewa. Ukiona -sh-, aghalabu huyo ndiye anayewezesha au kutoa.

Pa pili ni pakiti ya dawa. "Kidonge 1 kutwa mara 3." Mtaani "nimeshinda kutwa nzima" maana yake asubuhi mpaka jioni, na aliyeichukua maana hiyo atabana vidonge vitatu mchana na kuuacha usiku mtupu. Kwenye dawa kutwa ni siku ya saa 24, na kwa kawaida dozi kama hiyo hugawanywa kila baada ya saa 8. Hapa usikisie. Muulize mfamasia kabla hujatoka dukani.

Pa tatu ni methali za kale, kwa sababu ulimwengu uliozizaa umetutoka. "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Kijana wa Dar es Salaam analijua neno tezi kutoka hospitali, na Omo kutoka kwenye ndoo ya kufulia. Muktadha utamfikisha mbali kiasi: "kwenda" na "marejeo" vinapingana, tezi na omo lazima ziwe sehemu mbili za kwenda, -ni ya mwisho ni ya mahali. Kwa hiyo: huenda huku na huko, kisha hurudi mahali fulani. Umbo la methali amelipata bila msaada wa mtu. Kilichomo ndani hakipati hadi aulize mabaharia pale Feri au afungue kamusi: tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni chini tumboni, panapokusanyika maji yanayovuja.

Kamusi nayo ina mlango wake. Maneno yanayofanana sura bila kuhusiana, kama tezi ya chombo na tezi ya mwili, huwekewa namba ndogo juu, basi usiridhike na la kwanza. Kitenzi hutafutwa bila viambishi vya mbele: hawakuelewana iko kwa elewa. Nomino hutafutwa kwa umoja. Na ukitafuta "ngamani" hutaiona. Toa -ni, nenda kwa ngama.