Kikao cha tmux ni nini?

Kikao cha tmux, programu inayoendesha kazi zako kwenye seva (kompyuta ya mbali), ni uwanja wa kazi unaoishi ndani ya seva yenyewe, si kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Ukijitoa, kikao kinabaki na programu zake zinaendelea. Ukirudi kesho, hata kwa kompyuta nyingine, unakuta skrini ilipofikia.

Umuhimu wake unaonekana pale mtandao unapokatika. Ukiingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, seva inakufungulia terminali, yaani skrini ya kuandikia amri, na kila programu unayoianzisha inafungamana na terminali hiyo. Bando likiisha au umeme ukizima ruta, seva itagundua baada ya muda kwamba haupo, kisha programu zako zitapokea ishara iitwayo SIGHUP. Ishara hii imetoka enzi za kuunganisha terminali kwa laini ya simu: simu ikikatwa, kompyuta ilijua mtumiaji ameondoka. Programu isiyoandaliwa kuipuuza inakufa hapo hapo, hata kama ilikuwa katikati ya kunakili hifadhidata nzima. Ndiyo maana wanaoanza huogopa seva, na hofu hiyo ina msingi.

Programu ya tmux inakaa katikati ya terminali hiyo na kazi zako. Kazi zako zinakuwa chini yake, nayo haitegemei muunganisho wako. Mtandao ukikatika, unachopoteza ni kule kuitazama kazi tu. Kazi yenyewe inaendelea.

Isakinishe kwenye seva, si kwenye kompyuta yako; hapa wengi hukosea. Kwa seva yenye mfumo wa Debian au Ubuntu (aina za Linux) andika `sudo apt install tmux`, kisha `tmux new -s hifadhi`. Neno la mwisho ni jina la kikao, chagua lolote. Mstari wa kijani chini ya skrini unakuonyesha kwamba umo ndani. Anzisha kazi yako. Ukitaka kutoka na kuiacha ikiendelea, bonyeza Ctrl na b kwa pamoja, achia, halafu bonyeza d peke yake. Usishikilie vitufe vyote vitatu kwa mpigo. Kurudi ni `tmux attach -t hifadhi`. Ukisahau jina, `tmux ls` inakuorodheshea vikao vyote.

Kuandika `exit` ni jambo jingine kabisa: kunafunga dirisha la kikao, na kama ndilo pekee, kikao kinakwisha.

Kuna jambo linalowasumbua wengi siku ya kwanza: maandishi yaliyopanda juu hayarudi kwa kuzungusha gurudumu la kipanya. Bonyeza Ctrl na b, achia, kisha `[`, halafu panda kwa mishale au Page Up. Ukimaliza, bonyeza q. Usipobonyeza q, amri unazoandika hazitafika kwenye programu yako, na utadhani seva imeganda.

Kugawa skrini vipande na kupamba rangi kunaweza kusubiri. Kwa maoni yangu, mgeni wa seva afundishwe kujitoa na kurudi kabla ya yote hayo, maana hapo ndipo anapopata utulivu wa kujaribu mambo.

Seva za zamani huenda zikawa na Screen, programu ya tangu 1987 inayofanya kazi ileile. Tmux ilikuja 2007. Kwenye Screen, Ctrl na a ndiyo inayotangulia badala ya Ctrl na b. Zote mbili hazihimili seva kuwashwa upya: vikao vyote vinapotea, kwa hiyo hifadhi mafaili uliyofungua kabla ya kuandika `reboot`.