Nyegere na Mkunga wa Umeme Wanapokutana

Wanafunzi wanaotutembelea hapa Dodoma hupenda kuuliza kati ya nyegere na mkunga wa umeme nani angemshinda mwenzake. Wanyama hao hawakutani, kwa kuwa nyegere ni wa nyika zetu, za Ruaha zikiwemo, ilhali mkunga huyo ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kusini, ambaye kwa ukoo yuko karibu zaidi na kambare kuliko mikunga halisi. Swali lenyewe, hata hivyo, ni zuri, maana linatupeleka pale neva inapokutana na msuli.

Mahali hapo neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huingia kwenye vipokezi vya msuli kama ufunguo kwenye kufuli, na msuli hujikunja. Kwa mkunga, sehemu kubwa ya misuli imegeuka kuwa seli bapa zilizopangwa kwa maelfu kama betri ndani ya tochi. Hazijikunji tena, bali agizo la neva likifika, kila moja hutoa takriban sehemu ya kumi ya volti, na zote hufyatuka kwa pamoja. Spishi iliyotangazwa mwaka 2019 ilipimwa ikitoa volti 860.

Sumu ya swila huziba kufuli hiyo hiyo, na aliyeumwa hushindwa kupumua. Wengi huamini kuwa nyegere anapoumwa na swila huokolewa na ngozi yake, na kweli ngozi hiyo ni nene na imelegea kiasi kwamba ukimkamata shingoni hugeuka ndani yake na kukung'ata. Kwangu mimi, linalostaajabisha zaidi halionekani kwa macho: kipokezi chake kina amino asidi (kijenzi kidogo cha protini) yenye chaji chanya mahali ambapo sumu, nayo yenye chaji chanya, ingenasa, hivyo sumu husukumwa kando huku asetilikolini ikiendelea kupita. Nguruwe ana badiliko kama hilo, ingawa alilipata kwa njia yake mwenyewe.

Sasa turudi kwa wanafunzi. Umeme wa mkunga hauzibi kufuli. Huzilazimisha neva za windo zifyatuke, asetilikolini imwagike, na misuli ikakamae bila hiari ya mwenyewe. Kwa kuwa kipokezi cha nyegere kinaikubali asetilikolini kama kawaida, kinga inayomsaidia mbele ya swila isingemfaa kitu majini.