Je, uwanja mpya wa michezo hujilipa?

Kwa miaka mingi wakazi wa miji ya Marekani wameambiwa kwamba uwanja wa timu ya kulipwa ukijengwa kwa kodi zao, fedha zitarudi kupitia ajira na biashara. Karibu wachumi wote waliolichunguza jambo hili wamekuta hazirudi.

Sababu kubwa ni kwamba familia inayonunua tiketi, soda na jezi siku ya mechi ingezitumia fedha hizo mjini humohumo, sinema au mgahawani. Zimehama mfuko tu. Tena timu ya NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa miguu wa Kimarekani, hucheza nyumbani mara nane au tisa katika msimu wa kawaida, na kazi nyingi za uwanjani ni vibarua vya siku hizo.

Tazama Seattle. Uwanja wa Kingdome ulifunguliwa 1976. Mwaka 1994 vigae vya dari vilianguka, na ukarabati ukala makumi ya mamilioni ya dola. Machi 2000 ukaangushwa kwa vilipuzi. Deni lake walipa kodi wakaendelea kulilipa hadi 2015!

Mji ukitaka kugharamia fahari ya kuwa na timu, naona hiyo ni sababu halali. Lakini wananchi waombwe kura kwa sababu hiyo, si kwa ahadi ya faida.